Helmeti ya ski kwenye bodaboda? Nawajibu kwa mara ya mwisho

Haya jamani mambo vipi, leo sina intro, maana DM zimejaa swali lile lile, "bro hiyo helmeti ya ski si unitumie niendeshee boda?" Na kabla hamjaanza, siringi. Hapa Innsbruck, Austria, milima iko juu ya paa la nyumba, ski, yaani kuteleza kwenye theluji, watu wanacheza hadi vibibi, na hii niliipata msimu unaisha, bei ya kutupa.

Ukiigeuza ndani kuna stika, ona, EN 1077, namba ya kipimo cha usalama cha Ulaya. Hiyo ni ya ski na snowboard, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji. Baiskeli ni EN 1078, namba zinafanana lakini vipimo vingine. Pikipiki ni ECE 22, huko ndo kabisaa, inapimwa kwa kishindo kikubwa zaidi. Kwa hiyo kwenye boda HAPANA, hata ukininunia. Hii foam nyeupe ndo inakula kishindo kwa kubonyea, na ikishabonyea harudi mtu hapo, hata kama nje bado inang'aa.

Baiskeli? Mimi Januari, huku ni baridi, naivaa nikienda kazini, masikio yamefunikwa, naenda mdogo mdogo. Julai huku ni joto, usijaribu, matundu machache, jasho lote machoni. Zipo zenye stika zote mbili, EN 1077 na 1078, kama hela yako ni ya moja tu tafuta hiyo. Skateboard nayo ina zake, wale wanaanguka siku nzima so wanataka inayovumilia kupigwa mara nyingi.

Sasa mnaosema nitume tu. Nilimtumia mdogo wangu huko nyumbani moja, nauli ya kifurushi ikazidi bei ya helmeti yenyewe, halafu kule akaambiwa lete risiti, lete kitambulisho, lipia ushuru, njoo kesho, njoo Jumatatu, dogo akasusa. Lawama nani kapewa? Mimi. Na huku nako msidhani ni raha, niliteguka mkono, bima wakaniletea fomu ya Kijerumani mpaka wanauliza nilikuwa nacheza mchezo gani na nimevaa nini, wa kunitafsiria nikamlipa mwenyewe, halafu mtu anakuja kwenye comments "boss umetususa". Boss gani anaosha vyombo hotelini?

Anyway hayo ni yangu, kichwa chako wewe ndo unakijua. Ila ukienda dukani, soma stika kwanza kabla ya rangi, na ikicheza kichwani ukiwa umefunga mkanda, iache hapo hapo. Na wewe uliyeandika "basi tuma hela ya helmeti", nimekuona, sijibu.