Zile mbatata za krimu: nawajibu leo

Assalaam alaykum jamani. Kila nikiweka video swali ni lile lile: zile mbatata nyeupe zinazotoka kwenye oveni ni kitu gani, na hazinenepeshi? Haya, leo nawajibu. Na kabla hamjaandika kuwa najitapa, mbatata ni katika vyakula rahisi kabisa hapa Uingereza. Kinachonimaliza ni viza. Ada ya afya unayolipa pamoja na maombi ya viza, hiyo peke yake pauni 1,035 kwa mwaka, na inatakiwa ya miaka yote kwa mkupuo, hata jibu hujapewa. Silalamiki, nimekuja kwa hiari yangu. Lakini kuna ndugu yangu wa Wete, Pemba, kanitumia sauti, ati nala jibini nao mchele hawana. Iliniuma sana, maana pesa ya mchele nilishaituma wiki ile ile.

Tuje kwenye chakula. Asili yake Ufaransa, upande wa Dauphiné. Mbatata unazikata nyembamba, mpaka kisu ukione kwa upande wa pili. Ukishakata usizioshe, ule wanga ndio unaoifanya krimu iwe nzito. Panga kwenye treya, tia thomu, chumvi na kungumanga ya kukuna, hii hii yetu ya mashamba ya Kizimbani, Unguja, mimina krimu, oka kwa moto wa wastani mpaka juu pawe rangi ya dhahabu. Jibini si lazima. Mimi husoma kibandiko kwanza, maana nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na sijui kachinjwa vipi.

Kunenepesha? Mbatata ya kuchemsha, gramu 100, ina kalori 87 hivi, na potasiamu ya kutosha. Krimu nzito ya hapa karibu nusu yake ni mafuta, gramu 100 zinapita kalori 400. Basi mzigo uko kwenye krimu. Mimi natia nusu krimu nusu maziwa, napakua kidogo, pembeni samaki na mchicha. Hayo ni kwa mwili wangu mimi. Mwenye sukari au presha amuulize daktari wake.

Na nyie mlioko nyumbani Zanzibar msihangaike sokoni Darajani kutafuta krimu ya kopo. Tui zito linatosha, ingawa nalo lina mafuta, msilimimine ovyo. Mkitumia muhogo badala ya mbatata, uchemsheni kwanza uive, maji mwageni, ndiyo muoke. Oveni ikiwa hamna, palieni makaa juu ya mfuniko, ya juu yawe mengi kuliko ya chini, ama sivyo tui litakatika na chini pataungua.