Hiyo robo ya kidonge umeipimaje?

Haya jamani, asanteni kwa kukaa, najua nyie wa Kibosho na Machame mnaangalia mvua huko nje mnawaza usafiri, sitawachelewesha.

Nianze na kisu. Kuna mama alikuja dirishani kwangu pa kutolea dawa hapa Moshi, mtoto mgongoni, ananiuliza hivi robo ya kidonge mnaipataje nyie, maana yeye alikata kwa kisu cha vitunguu kikasambaratika, kipande kimoja kikubwa kingine unga, akaukwangua ule unga akatia kwenye uji, mtoto kaonja uchungu katema, na tangu siku hiyo hata uji wenyewe hautaki. Sasa huyo mtoto kapata dozi gani? Mimi mfamasia sijui.

Mtasema si apewe sirapu. Sawa, ila amoksilini (antibiotiki) ya unga inataka maji yaliyochemshwa yakapoa, ujaze hadi kwenye alama, utikise, na ikishachanganywa ni siku chache tu imeharibika. Halafu kijiko! Cha chai cha nyumba hii siyo cha nyumba ile.

WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu za watoto 2007, siyo juzi. Kwenye nimonia kuna kidonge cha amoksilini cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye maji kidogo, mtoto wa miezi 2 hadi 11 kimoja asubuhi kimoja jioni, wa mwaka 1 hadi 5 viwili viwili, siku 5, basi. Hakuna kisu. TB ndo ilichelewa kabisa, vidonge vya mseto, yaani dawa kadhaa ndani ya kidonge kimoja, vya kuyeyuka vyenye dozi sahihi ya mtoto vilitoka mwisho wa 2015, na majirani zetu Kenya wakaanza kuvitumia nchi nzima 2016.

Kwa hiyo sera ikiandika jina la dawa tu bila kusema ya kuyeyuka, anayejaza oda ataagiza alichozoea, daktari ataandika sirapu, na mama naye (tusimlaumu) anaamini dawa ya mtoto lazima iwe ya maji kwenye chupa. Mnaokaa vikao vya mwongozo, andikeni na umbo lake na miligramu zake, tena mfundishe na wa dirishani.

Hebu dada wa mbele nipe hicho kijiko. Hii ni zinki ya kuharisha, miligramu 20. Natia maji kidogo… msiongee, angalieni… haya, kiko wapi?