Sikilizeni Kiambishi

Jana wodini nilipita vitanda sita na swali moja: "Leo ungependa tufanye nini?" Wanne walinijibu, "Nyie ndio mnaojua." Nikakuta kwenye faili mmeandika: mgonjwa anatoa ushirikiano mzuri. Hapana, jamani. Huyo amekabidhi usukani, na sisi tumeupokea bila kuuliza.

Mwanasaikolojia Julian Rotter na maandiko yake ya 1966 mmesoma, sirudii: mtu huamini usukani wa maisha yake uko ndani, mikononi mwake, au uko nje yake. Anayesahaulika ni Hanna Levenson, aliyekuja miaka ya 1970 akatenganisha mambo mawili: kuamini kwamba maisha yako yameshikwa na bahati, na kuamini kwamba yameshikwa na wakubwa. Kwa mgonjwa wa kiharusi, wakubwa hao ni nani? Ni binti yake anayemjibia kabla hajafumbua kinywa, na ni sisi watoa tiba kwa vitendo, tunaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku.

Nilikuwa na mama mmoja, mama lishe, amepooza upande wa kushoto. Wiki tatu nikampa vibanio vya nguo avibane kwenye ukingo wa kopo. Kikianguka anasema, "Mkono umekataa." Kila siku hivyo hivyo: umekataa, umechoka, hautaki. Siku moja nikachelewa. Nikamkuta kwenye jiko la mazoezi amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilitaka kupiga kelele, maana mkono usio na hisia karibu na yale meno ni hatari. Nikajizuia, nikamuuliza amepangaje. Akanionyesha: kifuu kinazungushwa na mkono wa kulia, wa kushoto umelala juu ya ukingo wa sahani, mbali na meno, unaizuia isitembee. Chini ya sahani ametandika kitambaa kibichi. Mimi sikumfundisha hilo. Kisha akachota nazi kwa vidole, akaitazama, ina vipande vya kahawia. Akasema, "Nimekandamiza mno, nimefika kwenye kifuu. Narudia."

Mmesikia? Nimekandamiza. Narudia. Wiki tatu kitenzi chake kilikuwa na u-, kinauzungumzia mkono kama mpangaji mkorofi. Siku hiyo kikaja na ni-. Misuli yake ilikuwa ile ile ya jana. Kilichobadilika ni kwamba kazi ilikuwa yake, kosa lake, na marekebisho yake.

Najua mtaniambia wagonjwa wetu husema "Mungu akipenda", kwa hiyo usukani wao uko nje. Hoja hii nimeijibu mara nyingi na inanichosha. Mkulima husema Mungu akipenda jembe likiwa begani. Msimpime mtu kwa dua yake; tazameni anafanya nini baada ya kuiomba. Na msiruke upande wa pili mkamlaumu. Mtu wa kiti cha magurudumu ambaye nyumba yake ina ngazi tano mlangoni, ukimwambia yote yako mikononi mwake, umemdanganya. Ngazi hizo ni kazi yetu na ya familia.

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wa makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Makundi yote mawili yalipewa mimea. Kundi moja liliambiwa mtaitunza wenyewe, na likahimizwa kujiamulia mambo yake. Jingine likaambiwa wauguzi wataimwagilia. Baada ya wiki tatu kundi la kwanza lilikuwa changamfu zaidi. Wale wauguzi wa kundi la pili hawakuwa wakatili, walikuwa wema. Ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu na sisi ni wema.

Nilitaka kuwazungumzia watoto wenye mtindio wa ubongo, ila muda umeniishia. Kwa kifupi: mtoto achague yeye mchezo, hata kama ni kati ya miwili tu.

Saa nane tukutane wodini. Leo sitaki kuona neno "ushirikiano" kwenye faili. Andikeni alichosema mgonjwa kama alivyokitamka, kisha pigieni mstari kiambishi cha kitenzi. Na anayejibiwa "nyie ndio mnaojua" avute kiti, akae, aulize tena, halafu anyamaze mpaka ajibiwe.