Moto Nao Una Bei: Mbaazi za Nazi na Hesabu ya Biashara

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika jioni hii, na msongamano wa magari wa Nairobi mnaujua wenyewe.

Nimeombwa nizungumzie kazi na biashara, nami nitazungumzia sufuria ya mbaazi. Siku za wiki niko ofisini, kitengo cha ununuzi. Jumamosi napika mbaazi za nazi na mahamri, kiamshakinywa cha Pwani, nikiwauzia majirani mtaani. Sufuria hiyo imenifundisha jambo ambalo kila mwenye biashara ndogo humu ndani anafaa kulishika: gharama inayokumaliza ni ile isiyokuja na risiti.

Tuanze na maji. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa Nairobi tuko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yakishachemka, hata uongeze moto vipi, joto halipandi tena, maji yanakauka tu. Kwa hiyo mbaazi zilezile, katika sufuria ileile, huchelewa kuiva hapa kuliko kule. Mpishi wa Pwani akikwambia ziweke jikoni muda fulani, hajakudanganya. Amekupa muda wa kwao. Ukipanga bei ya Nairobi kwa muda wa Mombasa, tofauti utailipa kwa gesi.

Na hiyo gesi utaipimaje? Mtungi wa kilo 6 umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mimi huuweka kwenye mizani kabla sijawasha jiko, kisha tena nikishazima. Kilichopungua ndicho kilicholiwa na mbaazi za siku hiyo. Naandika kwenye daftari, na kando yake naandika kama zililowekwa usiku kucha, na kama nilitumia sufuria ya presha au ya kawaida. Huhitaji kurasa nyingi kabla ya kuona picha. Zilizolowekwa hula gesi kidogo kuliko zilizotiwa jikoni kavu. Presha nayo huuzuia mvuke, joto likapanda kupita nyuzi 110, na mbaazi zikasalimu amri mapema. Nawasihi, ndugu zangu, nunueni mizani kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Wapo wanaofunga vibanda huku wakijua bei ya unga hadi shilingi ya mwisho, lakini moto wanaujua tu siku gesi inapokatika katikati ya mapishi.

Sasa twende Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka. Mbaazi nyingi tunazokula hutoka Ukambani: Machakos, Makueni, Kitui. Mavuno makubwa huwa katikati ya mwaka, yakaendelea hadi Septemba hivi. Utakuta magunia mawili yamesimama bega kwa bega, moja bei yake ni nafuu. Usilikimbilie. Mbaazi zilizokaa ghalani muda mrefu, kwenye joto na unyevu, huwa ngumu. Unaweza kuzichemsha asubuhi nzima na bado zikagoma. Swali langu la kwanza si bei. Namuuliza muuzaji, “Mama, hizi ni za msimu upi?” Akisita, nachukua kilo moja tu nikazijaribu.

Ofisini nauliza vivyo hivyo. Mtu akileta ankara ya printa ya bei ya chini, nataka kujua wino wake ni pesa ngapi, vipuri vinatoka wapi, fundi ni nani. Naamini kwa dhati kwamba swali hilo limenijengea heshima kazini kuliko vyeti vyangu, na nililizoea nikiwa nimeshika gunia.

Mpangilio nao huokoa pesa. Nyanya na ndimu zina asidi. Ukizitia mapema, mbaazi hukawia kulainika. Basi zisubiri. Tui jepesi hutangulia. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, huingia mwisho kwa moto mdogo, maana likitokota sana hukatika. Hapo hujanunua kitu kipya, lakini umepunguza moto na umelinda ladha.

Leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wanaoshughulika na chakula, vichukueni kabla ya kuuza sahani ya kwanza. Pesa za mauzo zisilale laini moja ya simu na karo ya watoto. Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya kutenga pesa za biashara na zako binafsi, lipo tangu 2020 kwa kazi hiyohiyo.

Kuna dada aliniuliza pale mlangoni apange bei vipi. Dada, jumlisha mbaazi, nazi, vitunguu, gesi uliyopima, maji, vifungashio, na nauli ya Nyamakima. Kisha jilipe kwa saa ulizosimama jikoni, kiasi ambacho ungemlipa mtu mwingine akupikie. Ukiona bei imeizidi ya kibanda cha jirani, usianze kwa kukata ujira wako. Rudi kwenye gesi. Rudi kwenye msimu wa mbaazi. Halafu tazama kinachobaki bila kuuzwa, kwa sababu hicho nacho kilikula moto. Mimi hapo ndipo nilipoanza kupokea oda mwisho Ijumaa jioni, nikaloweka kiasi kilichoagizwa na si zaidi. Bei haikupanda, na ujira wangu umo ndani yake.