Mgeni Njoo, Mwenyeji Aone

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Niliahidiwa dakika 20 na feni moja. Feni mnaiona imegoma, kwa hiyo tutabana matumizi, na kubana matumizi ndiyo kazi yangu: mimi ni mhasibu.

Mpwa wangu alikuja hapa Dar kutoka Singida likizo ya Desemba. Ana miaka tisa. Nikapanda naye daladala ya Mwenge kwenda Posta, njia ninayoipita tangu 2009. Mimi nikashika simu, yeye akashika dirisha. Tulipofika Samora akaniuliza, kwa sauti ya kusikika gari zima: "Mjomba, yule askari anataka kumchoma nani?"

Sikuwa na jibu. Konda akacheka. Mzee mmoja siti ya nyuma akasema, "Mjibu mtoto." Nikamwambia tutaulizia.

Kesho yake mchana, badala ya kwenda kwa mama lishe, nikaenda kusimama chini ya ile sanamu ya askari kama mtalii. Singe yake inaelekea bandarini. Iliwekwa 1927. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann, Waingereza wakamshusha walipouteka mji. Maandishi yapo kwa Kiswahili na Kiingereza, na herufi za Kiarabu pia zipo; na hayawataji askari peke yao, yanawataja na wapagazi. Ni wapagazi walewale wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariakoo. Miaka yote hiyo nanunua viatu Kariakoo na kupita Samora, sikuwahi kujua kwamba sehemu hizi mbili ni ndugu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi husema hivyo tukifikiria kuku atakayechinjwa. Mimi nilipona macho. Tatizo likawa moja: mtoto alirudi Singida Januari, shule zinafunguliwa. Nani ataniuliza maswali? Nikaamua niwe nautembelea mji wangu mwenyewe, kwa mchezo. Kila safari, swali moja tu. Maswali matano yanakuwa kazi, na kazi ninayo tayari.

Swali la kwanza lilikuwa Salenda. Kila Jumatatu saa moja unusu asubuhi tukivuka daraja, naandika nyuma ya daftari: maji yamejaa au yamekupwa? Jumatatu ya kwanza yamejaa hadi ndani ya mikoko. Ya pili tope tupu, yangeyange wanadonoa. Ya tatu yamejaa. Mhasibu akiona hesabu zinapishana namna hiyo halali. Kumbe maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Zidisha mara siku saba: karibu saa sita, muda uleule wa maji kutoka kujaa hadi kukupwa. Palipojaa Jumatatu hii, Jumatatu ijayo saa ileile pamekupwa. Mvuvi yeyote wa Kunduchi angenicheka, maana yeye hili analijua kama jina lake, na maneno anayo: bamvua, maji yanapojaa sana na kukupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu; maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, katikati. Maneno hayo nilifundishwa shuleni. Nikayaacha kwenye karatasi ya mtihani.

Swali jingine ni la masikio. Foleni ikisimama, funga macho. (Simu iwe mfuko wa mbele, tafadhali, nisije nikalaumiwa.) Utasikia vikombe vikigongana: kahawa. Sarafu zinachezeshwa kiganjani: sigara, pipi, karanga. Vichupa vidogo vinalia: rangi za kucha. Brashi inagonga kisanduku: viatu vyako vinasemwa. Hakuna aliyetaja bidhaa yake, na hakuna mteja anayekosea. Mama mmoja aliniamsha akidhani nimezimia.

Naam, kaka pale mlangoni? ... Anauliza, mimi niliye ofisini toka asubuhi hadi jioni nifanye nini? Kaka, una kivuli. Tafuta fito iliyonyooka, au nguzo ya bendera. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana hapa Dar liko upande wa kusini, kivuli kinalala kaskazini. Miezi mingine kinageuka. Na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Oktoba na karibu tarehe 4 Machi, jua linakaa utosini kabisa na kivuli cha nguzo kinatoweka. Oktoba ni kama saa sita na dakika kumi. Machi subiri hadi kama saa sita na dakika thelathini na tano. Nililigundua hili nikiwa nimesimama uani kwetu na ufagio wima, mlinzi akiniangalia kwa huruma.

Nikampigia mpwa wangu simu nimsimulie, nikijua safari hii nitamweza. Akaniambia atajaribu. Oktoba iliyopita, tarehe tano, nikiwa katikati ya hesabu za mwezi, simu ikaita. "Mjomba, changu kimeshapotea. Chako je?"

Nikatoka nje. Changu kilikuwepo bado, kifupi kama kidole, kimelala kusini. Singida iko juu yetu kuelekea ikweta, jua linapita kwao kwanza likishuka huku. Nikamwambia, "Bado, mama." Akasema, "Basi nakusubiri," akakata simu.