Jukwaa, Studio na Mkasi: Kuzisikiliza Albamu za Weather Report

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa muziki, karibuni.

Santuri niliyoishika mkononi ni 8:30 ya Weather Report, bendi ya jazi ya Marekani, iliyotoka mwaka 1979. Ndani ya jalada mna sahani mbili, yaani pande nne. Pande tatu za mwanzo zilirekodiwa jukwaani mbele ya watu, na upande wa nne ukarekodiwa studioni. Wengi huiita albamu ya jukwaani, na mimi pia niliiita hivyo kwa miaka mingi, hadi nilipoanza kuusikiliza upande ule wa nne kwa makini na kujiuliza umefuata nini pale. Jibu nililolipata ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii. Bendi hii ilikipeleka studioni ilichopiga jukwaani ili kikakatwe, na ilichotengeneza studioni ikakirudisha jukwaani ili kivunjwe na kujengwa upya, kwa hiyo anayezisikiliza albamu zao mojamoja, bila kuziweka ubavu kwa ubavu, anapata nusu tu ya kazi.

Weather Report iliundwa mwaka 1970 na watu watatu: Joe Zawinul, mpiga kinanda mzaliwa wa Vienna, Wayne Shorter, mpiga saksafoni mzaliwa wa Newark, na Miroslav Vitouš, mpiga besi kutoka Prague. Zawinul na Shorter walikuwa wameshakutana katika rekodi za mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis za mwaka 1969, na humo walijifunza kwamba utepe uliorekodiwa waweza kukatwa na kuungwa mpaka uzae muziki ambao hakuna aliyeupiga hivyo chumbani. Somo hilo hawakulisahau.

Tazameni albamu yao ya pili, I Sing the Body Electric, ya mwaka 1972. Upande wa kwanza ni wa studio. Upande wa pili umetoka katika onyesho walilofanya Tokyo mwezi Januari mwaka huohuo, wakiwa na Eric Gravatt kwenye drams na Dom Um Romão kwenye ngoma na vyombo vya kuchezesha. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu tu kabla sauti haijaanza kudhoofika, basi onyesho zima lisingeingia hata kwa kusukumwa. Likakatwa. Waliokua na santuri ndogo za hapa kwetu, zile ambazo wimbo ulikatwa katikati na ukalazimika kuigeuza sahani ndipo uisikie sehemu ya pili, wanayajua maumivu ninayoyasema.

Bahati njema, onyesho lenyewe lilitolewa kwa urefu wake nchini Japani mwaka huohuo, katika sahani mbili, kwa jina la Live in Tokyo. Tunaweza basi kuvilinganisha vitu viwili vilivyotoka katika usiku mmoja. Mfululizo wa nyimbo unaofungua onyesho unachukua zaidi ya dakika ishirini na tano katika toleo la Japani, na ndani yake mna vipindi virefu ambamo hakuna anayeongoza: besi inauliza, saksafoni inakaa kimya, drams zinakaribia kuchemka kisha zinatulia. Katika toleo la Marekani, yaani ule upande wa pili wa I Sing the Body Electric, sehemu kubwa ya vipindi hivyo imeondolewa, na kilichobaki kinakwenda mbio, kama hadithi iliyobakizwa matukio tu. Kwa maoni yangu mkasi ule uliwadhulumu, maana Zawinul mwenyewe alizoea kusema kwamba katika bendi hii kila mtu anapiga solo na hakuna anayepiga solo, na neno hilo huwezi kulielewa ukiondoa zile nyakati za kusubiriana. Hata hivyo, nisingependa toleo lililokatwa lipotee, kwa sababu ndani yake tunaisikia bendi ikiamua iwe kitu gani.

Miaka miwili baadaye waligeuza mambo. Albamu ya Mysterious Traveller, ya mwaka 1974, inafunguliwa na wimbo wa Nubian Sundance, na mara tu unapoanza unasikia umati ukishangilia, shangwe zikipanda na kushuka pamoja na mapigo. Ni wimbo wa studio. Umati umewekwa juu ya muziki. Wapo wanaoona kwamba huo ni udanganyifu. Mimi nasikia mtunzi anayeichukua hadhira kama chombo kimojawapo, akaipangia mahali pa kuingia na pa kunyamaza, sawasawa na anavyoipangia saksafoni.

Sasa nifike kwa Jaco Pastorius, mpiga gitaa la besi, maana hapo ndipo jambo hili linapokolea. Alijiunga wakati wa kurekodi Black Market, iliyotoka mwaka 1976, akasikika katika nyimbo mbili tu, na mwaka uliofuata ikaja Heavy Weather, albamu iliyowapa umaarufu mkubwa kwa wimbo wa Birdland. Katika albamu hiyo kuna wimbo wake mfupi, Teen Town, usiofika dakika tatu. Gitaa la besi ndilo linaloimba wimbo, na anayepiga drams ni Pastorius huyohuyo: alirekodi chombo kimoja, kisha kingine juu yake. Ndiyo maana mapigo na besi vimeshikana namna ile, hadi haiingii hata sindano kati yao, kwa kuwa ni mwili mmoja unaojibizana na wenyewe.

Jukwaani jambo hilo haliwezekani. Mtu hana mikono minne. Katika 8:30 anayekalia drams ni Peter Erskine, kijana aliyeingia mwaka 1978, na bendi yote ni watu wanne, bila mpiga ngoma wa ziada waliyemzoea tangu mwanzo. Teen Town inarefuka hadi kufika dakika sita. Sasa kuna watu wawili wanaofuatana, mmoja akimvuta mwenzake na mwenzake akikataa kuvutwa, na wimbo uliokuwa kama kito kilichosuguliwa unageuka kuwa ubishi. Siwezi kusema upi ni bora. Naweza kusema kwamba nisingeujua ugumu wa ule wa kwanza kama nisingesikia watu wawili wakihangaika kuufikia.

Birdland nayo ilibadilika. Ile ya Heavy Weather ni jengo la vinanda, Zawinul akiwa ameweka sauti juu ya sauti kwa vyombo vya umeme na piano. Ile ya 8:30 Erskine anaipiga kwa mapigo ya kuyumba, ya dansi za zamani, na pale mtu anakumbuka kwamba jina la wimbo ni la klabu ya jazi ya New York ambako watu walikwenda kuwasikiliza wapigaji wakitoka jasho.

Upande wa tatu wa santuri una jambo ambalo studio isingelizaa. Shorter anabaki peke yake na saksafoni yake ya tenor, bila kinanda wala drams, akipiga Thanks for the Memory, wimbo ambao Wamarekani waliujua kupitia mchekeshaji Bob Hope. Kwa dakika chache anaugeuza na kuuchungulia, anauacha na kuurudia. Katika albamu za studio za miaka ile Shorter alikuwa akisema machache, na mashabiki wake walilalamika kwamba Zawinul amemfunika. Wangeusikiliza upande huu.

Ndipo unafuata upande wa nne, na Pastorius yuko tena kwenye drams katika wimbo uliobeba jina la albamu, na kwaya ya watoto inaimba katika The Orphan. Mara ya kwanza niliuona kama mgeni aliyeingia arusi isiyo yake. Leo naona ni bendi iliyotoka jukwaani na joto lake, ikaingia studioni kabla joto halijapoa. Albamu hii ilipata tuzo ya Grammy ya jazi ya mchanganyiko, ile ambayo wengi huiita fyusheni, mwaka ambao tuzo ya aina hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1980 walikwenda hatua moja mbele. Sehemu kubwa ya Night Passage ilirekodiwa katika studio huko Los Angeles, lakini walialika watu wapatao 250 wakae humohumo wasikilize. Mtu anaweza kuipenda albamu hiyo kwa miaka bila kutambua kwamba chumba kilikuwa na watu. Wimbo wa mwisho, Madagascar, umetoka katika onyesho la Osaka, nao unaungana na mengine bila mshono kuonekana.

Basi nitaiweka kwanza Teen Town ya mwaka 1977, kisha ile ya 1979, na nawaomba msikilize drams kabla ya besi.