Nilidaka mpira Wrigley Field, uwanja mzima ukanizomea

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo. Niko juu hapa kituo cha treni cha Addison, Chicago, nasubiri treni ya mstari mwekundu, kwa hiyo kelele zikizidi mnivumilie. Ngoja nigeuze simu. Mnaiona ile bendera nyeupe, juu ya ule ubao wa matokeo wa uwanja wa Wrigley Field? Ile herufi ni W. Cubs, timu ya besiboli ya uwanja huu, wameshinda leo. Wangepoteza ingepanda ya bluu yenye L. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya habari kwa watu wa kwenye treni: mtu anatoka kazini, anachungulia dirishani, anajua leo mtaani ni shangwe au watu wamenuna.

Kuna ndugu yangu mmoja wa Tanga kaniuliza, hiyo besiboli unaipendea nini, mbona watu wamesimama tu? Swali zuri. Mimi mwenyewe nililiuliza.

Nilifika mji huu 2017. Kila niliyekutana naye alinipa pole: umechelewa, ubingwa tumechukua mwaka jana, 2016, baada ya kuusubiri miaka 108. Nikawa kama mgeni aliyefika harusini masufuria yanaoshwa. Aprili iliyofuata mfanyakazi mwenzangu akanipa tiketi ya bure. Mechi saa saba na dakika ishirini mchana, mimi nimetoka zamu ya usiku. Upepo wa Ziwa Michigan unapenya hadi kwenye mifupa. Na zile picha za ukuta wenye majani ya kijani mnazoziona mtandaoni, sahauni, Aprili ni vijiti vikavu tu vimeng'ang'ania matofali.

Mimi ni mtoto wa Simba na Yanga, dakika tisini roho mkononi. Hapa mtupaji anashika kofia, anatema mate, anatazama, anatupa. Mpigaji anakosa. Anatoka pembeni, anafungua glovu, anaifunga. Tunaanza tena. Raundi ya tatu nikauliza mapumziko saa ngapi. Nikaambia moyo wangu, hii ni kriketi ya pale Gymkhana, wamebadilisha gongo tu.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja na penseli yake.

Ilikuwa Juni, nimekaa kwenye mabenchi ya nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta, ambako jua linakuchoma vizuri. Bibi kaweka daftari magotini, kila mpira anaandika. Nikachungulia. Akanisogezea. Kumbe kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake: mtupaji ni 1, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, wa besi ya kwanza (besi ni vile vituo anavyokimbilia mpigaji) 3, wa besi ya pili 4, wa tatu 5, na yule kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6. Kwa hiyo akiandika 6-4-3, hiyo ni hadithi nzima: 6 kauokota, kamtupia 4, naye kamtupia 3, watu wawili wametolewa kwa pumzi moja. Mpigaji aliyepunga gongo akakosa hadi akatolewa anaandikiwa K. Aliyesimama akiutazama mpira wa mwisho unapita, K yake inaandikwa imegeuzwa mgongo. "Hiyo ya aibu," akaniambia.

Aliposikia natoka Afrika akaweka penseli chini. Akanikumbusha Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya huku, 26 Aprili 2017, akiwa na timu ya Pittsburgh. Mpinzani nani? Cubs. Mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mtupaji wa Cubs, akafika besi ya kwanza. "Mwenzenu alianza kwa kucheza na sisi," bibi akasema, kama vile mimi ndiye niliyemtuma.

Tangu siku hiyo ule ukimya wa katikati ukawa mtamu. Ni baraza. Watu wanakula, wanabishana, wanaulizana wagonjwa wao. Mwaka 2023 wameleta saa, mtupaji ana sekunde 15 za kutupa, au 18 kama kuna mtu kwenye besi (mwaka ule wa kwanza zilikuwa 20). Mechi zimekuwa fupi, nawahi treni, sikatai. Lakini baraza limepunguzwa.

Sasa ule mkasa. Msimu wa 2019, tunacheza na Cardinals wa St. Louis, mahasimu wetu, na upepo unavuma kuelekea ziwani. Siku kama hiyo mipira inaruka kama kunguru. Kwenye televisheni unauona unaelea. Ukija upande wako hauelei, unakua. Mara kidoti, mara limau, mara watu wanarukiana, bia inamwagika, umegonga benchi, umedunda, umetulia kwenye kiganja changu cha kushoto, na mkono unawaka moto. Nikautazama. Hauna weupe ule wa dukani, wanaupaka tope kabla ya mechi usiteleze. Uzi mwekundu, mishono 108, sawasawa na ile miaka yao ya kusubiri. Kichwani nimeshautuma Tanga kwa mpwa wangu.

Nasikia kelele. Nikadhani nashangiliwa, nikapunga mkono! Kumbe: "Rudisha! Rudisha!" Kwenye mabenchi yale mpira uliopigwa na mchezaji wa timu ngeni hauwekwi, unarushwa uwanjani. Maelfu ya watu wananizomea, mtoto wa miaka sita ananinyooshea kidole. Nikarusha. Mkono uliokulia kwenye chandimu ni mkono gani? Ukavuka ule wavu wa chuma juu ya ukuta kwa nasibu tu. Nikapigiwa makofi ambayo sijawahi kupigiwa tena.

Usiku nikampigia mama. Kimya kidogo, halafu: "Yaani umelipa kiingilio, wamekupa mpira, ukawarudishia?"

Na kabla hamjanicheka, bibi naye alicheka. Alifungua mkoba wake, akanionyesha mpira mchakavu, rangi imepotea. Wazoefu wanakuja na wa zamani mfukoni. Ukidaka, unaficha mpya, unarusha mkuukuu.

Ngoja niwaonyeshe. Mkuukuu wangu huu hapa, kwenye begi. Natembea nao tangu 2019. Haujapata kazi bado. Treni hiyo, acha nipande.